Unga Usionuka

Wazo lile lilinijia nikiwa juu ya ngazi. Nilikuwa nimepanda kuangalia bati lililolegea upande wa jikoni, na nilipoweka kiganja juu yake niliungua kama nimeshika sufuria. Nikashuka nikipuliza mkono, na kabla mguu haujagusa chini nilikuwa nimeshaona akilini vipande vya muhogo vimetandazwa kule juu, vinakauka kwa siku moja au mbili. Hivyo tu. Hakuna aliyenifundisha. Naanza na hilo ili mtu asidhani kuna mwingine wa kugawana naye lawama, ingawa mbele nitasema na ya wengine, maana nisipoyasema nitakuwa nimedanganya kwa upande wa pili.

Mimi nimesoma mpaka la saba. Naandika kwenye daftari la mistari, nafuta sana, na sina hakika kama yanavyokuja ndivyo yalivyokuwa. Pale nisipokumbuka vizuri nitasema.

Kwetu Kasulu, upande wa Nyakitonto, muhogo tunaopanda zaidi ni ule mchungu. Ule mtamu nyani wanaumaliza, na watu pia. Sasa muhogo mchungu hauliwi hivihivi. Unamenywa, unapelekwa bondeni, unazamishwa kwenye mashimo ya maji siku nne au tano mpaka ulainike na kunuka. Kisha unatolewa, unakamuliwa, unafinyangwa madonge, unaanikwa, unatwangwa. Hicho ndicho kivunde, na ugali wake una harufu ambayo mgeni akiingia nyumbani anaweza kugeuza uso. Mama yangu alifanya hivyo, na bibi yangu. Nilipokuwa mdogo niliuliza kwa nini tunaloweka, nikajibiwa, "Ili ulainike." Basi nikakua nikijua kwamba tunaloweka ili ulainike. Hilo neno moja limenitesa kuliko mengine yote. Kama kazi ya maji ilikuwa kulainisha tu, basi kisu kikali kingeweza kufanya kazi ileile: kata vipande vyembamba kama ukucha, jua litamaliza. Nililitatua tatizo vizuri kabisa. Ila halikuwa lenyewe.

Mwaka ule mvua zilichelewa, zikaja wiki chache, zikakatika. Maharage yalikauka yakiwa maua. Bondeni mashimo yote yalikauka isipokuwa mawili, na kwenye hayo mawili wanawake walikuwa wanasukumana. Ukizamisha muhogo wako leo, kesho unakuta mtu ameusogeza ameweka wake, keshokutwa hukuti hata kipande. Niliwahi kusimama pale na mwanamke mwenzangu tukigombania kapu moja, kila mmoja ameshika upande wake, tope mpaka magotini, na wote wawili tuna umri wa kuitwa bibi. Kwa hiyo wazo la bati lilipokuja nililipokea kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

Nilitandaza asubuhi. Mchana, bati lilipopata moto, vipande vilianza kulialia huko juu, vikijikunja na kugongana, kama vidole vinavyokwaruza kitu polepole. Nilikaa jikoni nikisikiliza na nilifurahi. Sauti ile siku hizi nikiisikia kwa mtu mwingine huwa nabadilisha njia.

Siku ya tatu nilikuwa na unga. Wa kwanza kuuona alikuwa jirani yangu, mwanamke mdogo kwangu, aniitaye dada; niliupeleka kwake. Alichota kidogo akausugua kati ya vidole.

"Dada, huu unga au chokaa?"

"Nusa."

Akanusa. Akanusa tena. "Haunuki!"

"Ndiyo maana yake."

Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na kijumba cha mama mkwe wake, ajuza mwenye ulimi ambao watu walikuwa wanaupitia mbali. Alikuwa amekaa mlangoni, miguu ameinyoosha juani. Akasema, "Unga usionuka ni unga gani huo? Mkila vitu hivyo mtakuja kutambaa kama watoto."

Nikamjibu, "Bibi, pua yako imezoea kuoza."

"Na tumbo langu limezoea. Nipeni muhogo wangu niuloweke mwenyewe."

Tulicheka, wote watatu. Naye alicheka, nakumbuka, kwa sababu alikuwa na jino moja la mbele na lilionekana. Tangu siku hiyo akawa analoweka mihogo yake michache kwenye ndoo nyuma ya kijumba, kwa maji ya kuombaomba, na anapika kwenye chungu chake peke yake. Mnaweza kusema kwamba ile ndoo ilikuwa jibu lililokaa mbele ya macho yetu. Sidhani ni haki kusema hivyo. Ajuza anakula tonge tatu. Nyumba ya watoto sita ingehitaji ndoo kumi, na maji ya ndoo kumi mwaka ule yalikuwa hayapo. Lakini pia sikuwahi kujiuliza ni kwa nini mtu ajisumbue hivyo kwa tonge tatu.

Baada ya mwezi, nyumba nyingi za kitongoji zilikuwa na vipande juu ya bati, na wenye nyasi walikuja kuomba nafasi kwa wenye bati. Wanawake walinisimamisha njiani kunishukuru. Mmoja aliniambia, "Wewe ungesoma ungekuwa waziri." Nilikataa kwa mdomo, moyoni nikabaki nalo mpaka nyumbani.

Sasa nifike kwa mtoto.

Alikuwa wa kwanza wa jirani yangu, yuko darasa la tano, na alikuwa na mbio. Alikuwa akipita kwangu kwenda shule ananisalimia, "Shikamoo mama mkubwa," na kabla sijamaliza kuitikia ameshafika kwenye mikaratusi. Jumamosi moja alikwenda kutafuta kuni mbali na wenzake, akarudi na mzigo, akala, akalala. Asubuhi mama yake alimwita akaitika, akaitwa tena akasema, "Nakuja, ila miguu haitaki." Walidhani ni uvivu. Kisha wakamwona anajaribu kusimama kwa kushika ukuta, magoti yamebanana, visigino viko juu, anatetemeka kama aliyesimama kwenye maji ya baridi. Hakuwa na homa. Hakuwa hata na maumivu. Alikuwa anaitazama miguu yake kama vile ya mtu mwingine iliyowekwa pale usiku.

Tulimpeleka zahanati kwa baiskeli, mama yake anashika huku, mimi nashika kule. Nesi alikuwa binti mgeni, si wa mkoa huu. Alimgonga magoti, akampima hiki na kile, akauliza maswali mengi kwa upole. Kisha akauliza, "Mnakula nini zaidi nyumbani?"

"Ugali wa muhogo," mama yake alisema.

"Muhogo mnauloweka?"

Jirani yangu alifungua mdomo. Mimi nikawahi. Nikasema, "Tunaloweka. Siku nne."

Nimelifikiria jibu hilo miaka hii yote na bado sijui vizuri lilitoka wapi. Sikuwa nimepanga kudanganya. Sikujua kwamba kuna kitu cha kuficha. Ila kwetu mwanamke kumwambia mgeni kwamba haloweki muhogo ni sawa na kumwambia haogi. Ni aibu ya uvivu. Ukiulizwa na mgeni, na tena mwenye koti jeupe, unajibu yale mama yako angejibu. Nesi akaandika. Akasema basi tumpeleke hospitali Kasulu, pengine ni mishipa. Jirani yangu alinitazama kidogo, akafunga mdomo. Nadhani alinishukuru kwa kumlindia heshima.

Hospitali walimlaza, wakampima, wakamrudisha na vidonge. Wiki zilizofuata akaugua mtoto mwingine wa kike, ng'ambo ya bonde, vilevile, ghafla. Kisha mama mmoja anyonyeshaye, karibu na kanisa. Watatu.

Na hapo maneno yakaanza. Nani alisema kwamba watatambaa? Nani hali chungu kimoja na mwanawe? Mbona nyumba ile imeanza kuanguka na yeye tu, mwenye umri wa kuanguka, yuko wima? Mtu akikumbusha kwamba ajuza alikuwa anatania, mwingine anajibu, "Mchawi naye hutania." Ile ndoo ya nyuma ya kijumba, ambayo kila mtu alikuwa anajua ni ya muhogo, ikawa haijulikani ni ya nini.

Sikumsema ajuza vibaya. Nataka nijipe haki yangu hapo. Lakini mwanamke mmoja aliniuliza kisimani, mbele ya wengine, "Wewe uliyekuwepo, ni kweli alisema mtatambaa?" Nikajibu, "Alisema. Mengine Mungu ndiye anajua." Kila neno hapo lilikuwa la kweli, na nikaona nyuso zao zikijifunga.

Mtoto wa yule ajuza, mume wa jirani yangu, si mtu mbaya. Mwezi mzima alikuwa hatoki kwenda kijiweni kwa kuogopa kuulizwa. Kuna asubuhi walikuta ndoo ya mama yake imepasuliwa kwa jiwe. Ndipo akaamua kumpeleka kwa dada yake Kibondo. Alisema, "Namwondoa wasije wakamdhuru." Ni kweli. Pia alikuwa ameanza kumwogopa, na hilo aliniambia mwenyewe baadaye, analia. Nilisaidia kubeba mkeka mpaka kituoni. Ajuza alibeba chungu chake mwenyewe, ndani yake kuna madonge ya kivunde yaliyofunikwa kwa kitambaa, na abiria wakaanza kulalamika harufu kabla hata hajakaa. Hakuniaga. Aliangalia tu mkeka ukipandishwa juu, akauliza kama umefungwa vizuri. Nikasema umefungwa.

Mtoto akarudi shule kwa fimbo. Sasa alipita kwangu polepole: fimbo, kisha vidole vya mguu vikikwaruza udongo, fimbo, kisha vidole. Nilikuwa namsikia kuanzia kwa mwenyekiti wa kitongoji mpaka kwenye mikaratusi. "Shikamoo mama mkubwa." Nikapata muda wote wa kuitikia. Nilianza kutafuta kazi za ndani saa hizo.

Sijui siku gani hasa nilianza kushuku. Ningependa kusema kwamba dhamiri iliniamsha, lakini nadhani ilikuwa kitu kidogo zaidi. Nilikuwa nachambua maharage ya mbegu kwenye ungo, mchana, peke yangu. Mengine mekundu, na kunde nyeupe zimechanganyika. Nikakumbuka semina moja ya zamani ofisi ya kata. Watu wa shirika fulani walitufundisha kuchora kijiji chini, kwa majivu na mawe, nyumba kwa nyumba, na mwezeshaji akasema tatizo liulizwe maswali mengi kabla ya kupewa jibu. Katika semina ile nilichokikumbuka zaidi ilikuwa soda. Lakini mkono wangu ulikuwa umeshaanza. Nyumba ya kwanza kuanzia barabarani: wanakausha kwenye bati, nikaweka haragwe jekundu. Ya pili, bado wanang'ang'ania bondeni: kunde. Nikaendelea mpaka nyumba thelathini na moja zikakaa kwenye ungo zilivyo kitongojini. Kisha nikachukua punje tatu za mahindi kwa ajili ya wagonjwa watatu, nikaweka kila moja mahali pake.

Zote tatu zilikaa pembeni mwa maharage mekundu.

Nilivuruga ungo haraka, kama mtu aliyefumwa. Nikajiambia mekundu ni mengi, lazima mahindi yaangukie huko. Nikapanga upya kwa maji ya kunywa: nani anachota kisima hiki, nani kile. Wagonjwa walitoka visima tofauti. Nikapanga kwa makanisa. Nikapanga kwa koo. Mwisho, kwa haki, nikapanga na lile ambalo watu walikuwa wanalisema: nyumba ambazo yule ajuza alikuwa ameingia mwaka ule. Nilijikaza kukumbuka kila moja. Magoti yake yalikuwa yameshachoka, hakuwa akivuka bonde tena. Kwa yule mtoto wa ng'ambo hakuwahi kufika. Kwa mama wa karibu na kanisa pia hakuwahi kufika, na walikuwa hata hawaongei. Nyumba aliyokuwa anaingia zaidi ya zote, baada ya ya mwanawe, ilikuwa yangu. Na mimi sikuwa naugua kitu.

Nilibaki nimekaa na ungo magotini mpaka kuku wakaja kudonoa.

Siku hizi kikundi chetu cha akina mama wakinialika kuongea na mabinti, wanataka niwaeleze habari ya ungo. Wanasema huo ndio ubunifu, mtu wa la saba kugundua kwa maharage jambo ambalo wataalamu hawakuliona. Nawaeleza. Wanapiga makofi. Lakini kichwa kilichopanga ungo ni kilekile kilichopanda ngazi, na nilipokuwa kwenye ngazi furaha ilikuwa kubwa zaidi. Sijui namna ya kuwafundisha kutofautisha, kwa sababu mimi mwenyewe kwa ndani nilisikia kitu kimoja mara zote mbili. Tofauti ninayoiona ni ndogo: mara ya pili nilimpa mwenzangu anayenipinga nafasi ya kuwa na haki. Wakiniuliza mbinu, hiyo ndiyo naisema, na naona haiwaridhishi.

Nilimwita jirani yangu. Nikapanga tena mbele yake, nikimweleza kila punje. Alifuata kwa kidole. Alipofika kwenye nyumba yake hakukiondoa kidole.

"Huyu ni mwanangu?"

"Ndiye."

"Na haya mekundu yote ni ya bati."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo si mkwe wangu."

"Sidhani."

Nilitegemea aniulize kama nina hakika, nami nilikuwa nimeandaa kusema sina hakika, mekundu kumi na sita hayakuwa na mgonjwa. Badala yake akasema, "Nesi alikuuliza. Ulimwambia siku nne."

"Nilisema."

"Mimi nilitaka kumwambia, dada. Nilikuwa nimeshafungua mdomo."

Akainuka. Hakumwaga ungo, hakutukana. Alifika mlangoni akageuka, akasema, "Leo tumepika nini? Leo hii mchana? Watoto wengine wanakula nini sasa hivi?" Kisha akakimbia, mbio kabisa, na nilimsikia akipiga kelele akiwa bado njiani, "Acheni kula! Acheni kula!"

Kesho yake nilikwenda zahanati nikamwambia nesi ukweli. Nilitegemea akasirike. Alikaa chini tu, akaomba nirudie. Akanieleza kwamba muhogo mchungu una sumu, na maji ya bondeni hayalainishi tu, yanaitoa. Ukikatwa vyembamba na kukaushwa haraka kwenye moto wa bati, ile sumu inakosa muda wa kutoka, inakaukia humohumo. Mwaka wa jua sumu huwa kali zaidi. Anayekula na maharage au dagaa mwili wake unapata nguvu za kupigana nayo. Sisi mwaka ule wengi tulikuwa na kisamvu tu. Watoto na wanaonyonyesha ndio inawashika mapema. Hapo nikapata jibu la yale mekundu kumi na sita. Nikauliza kuhusu miguu ya mtoto. Akasema haitazidi kuwa mibaya akiacha unga ule. Nikauliza kama itarudi. Akapanga karatasi zake.

Akanifundisha pia namna ya kuokoa unga tuliokuwa nao: kuulowanisha, kuutandaza wembamba kwenye ungo kivulini kwa masaa matano, sumu itoke na hewa, ndipo usongwe siku hiyohiyo. Niliogopa. Njia nyingine fupi! Nilimuuliza kwa nini, akanieleza, nikamuuliza tena kwa nini, mpaka akacheka. "Mama, wewe leo umekuja kunipa mtihani." Sikucheka. Siku hizi watu wananikimbia kwa hilo neno, kwa nini.

Kwenye mkutano wa kitongoji mwenyekiti alinipa nafasi ya mwisho, watu wameshaanza kukung'uta nguo. Nilisimama na ungo wangu. Nilisema ni mimi nilileta bati, na ni mimi nilidanganya zahanati, na kwamba ajuza aliyeondoka hakuwa na kosa isipokuwa kuloweka muhogo. Mtu mmoja akauliza, "Mama, wewe ndiye ulituletea, leo unatuondolea. Kesho utatuletea nini?" Watu wakacheka, na ilikuwa haki yake. Mwingine akasema yeye anakula na yuko wima. Nikamwambia ni kweli, sina la kukupinga, ila njoo uone punje zimekaa wapi. Walikuja wengi wakainama juu ya ungo. Wengine waliacha siku hiyo. Wengine waliendelea kwa siri mpaka mvua ziliporudi. Hakuna aliyeugua tena baada ya pale, lakini mvua nazo zilirudi, na maharage, kwa hiyo siwezi kujisifu.

Ikabaki kumrudisha ajuza. Mwanawe aliniambia, "Nenda wewe. Mimi ndiye nilimpakia kwenye basi. Nikimwambia arudi, nitamtazama vipi?" Jirani yangu alikuwa bado haongei nami, ila asubuhi ya safari alinitumia kwa mtu vitenge viwili vya mkwe wake, vimefuliwa na kukunjwa.

Basi la kwenda Kibondo lilinichosha kwa vumbi, nikashuka nikiwa mwekundu kama tofali. Bintiye ajuza alikuwa amekwenda kuuza nyanya soko la karibu na kambi ya wakimbizi ya Nduta. Nilimkuta ajuza peke yake nyuma ya nyumba, amekaa chini, anamenya.

"Mwakeye, bibi," nikamsalimia.

Akaniangalia. "Umekuja kuchukua mkeka?"

"Nimekuja kusema kitu."

"Sema. Masikio yapo, meno ndiyo yameisha."

Nikamwambia yote, bati, nesi, ungo, mkutano. Hakuacha kumenya. Nilipomaliza akauliza, "Mtoto anatembea?"

"Kwa fimbo. Kwa vidole."

"Itarudi, hiyo miguu?"

"Nesi hakusema itarudi."

Akaweka kisu chini. "Mimi nilisema mtatambaa."

"Ulikuwa unatania, bibi. Nilikuwepo."

"Mama yangu ndiye alikuwa akisema hivyo, akituona wavivu wa kwenda bondeni. Mtatambaa, mtatambaa. Likanitoka tu." Akajifuta mikono taratibu. "Wewe unakuja kuniambia si mimi. Mimi nimekaa hapa kila siku namuuliza Mungu kama ni mdomo wangu. Nilishaacha kusema hata na kuku. Nikisema neno, nalitazama linakwenda wapi."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Katika punje zote nilizopanga na kupangua, sikuwahi kumweka yeye akiwa anajiuliza. Nilipiga magoti pale chini, na sikumbuki nilichosema, nadhani nilisema nisamehe mara nyingi, mpaka akaniambia ninamtia wasiwasi.

Nikampa vitenge. Nikamwomba turudi wote. Akasema atarudi, lakini si leo. "Hapa nao wameshasikia. Habari ilipanda basi na mimi. Mama wa nyumba ile huwaita watoto wake ndani nikipita. Nikiondoka sasa, watasema wamemfukuza mchawi, na binti yangu atabaki anaishi nalo. Inuka."

Akajifunga kitenge kimoja kati ya vile, akachukua fimbo yake, akatangulia.

Nyumba ya kwanza nilisema kwa aibu, kwa kuzungukazunguka, nikisema "ilitokea" na "ikaonekana". Ajuza alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mbele ya wenyewe, "Hujasema nani." Ikabidi nirudie. Nyumba ya pili nilisema ni mimi, lakini nikaruka habari ya nesi, naye akanigusa na fimbo kwenye kifundo cha mguu, kidogo tu.

Nyumba ya tatu ndiyo ile ya mama aliyekuwa anawaita watoto ndani. Alitoka akifuta mikono, akamwona aliye mbele, akasimama. Nilimsalimia, nikasema nimetoka Kasulu kuleta habari za kweli kuhusu bibi huyu, na kwamba ni habari zangu zaidi kuliko zake. Akafikiri. Kisha akaingia ndani, akatoka na kigoda kimoja, akakiweka mbele yangu.

Sikukaa. Ajuza naye hakukaa. Alisimama ameegemea fimbo, akamwambia yule mama, "Na mimi je? Au mimi nitaruka juu ya paa?"

Nyuma ya pazia la mlango watoto walicheka, wakazibana midomo. Yule mama aliangalia chini, akarudi ndani. Tulimsikia akisogeza vitu, akitafuta. Alikawia. Nilianza kusema kabla hajatoka, kwa sauti kubwa ili asikie huko ndani, tangu pale nilipopanda ngazi.